Je, wajua kompyuta huhesabu vipi nyongo inayozunguka mwilini?

Mchinjaji akishampasua ng'ombe, hulikabili ini kwa hadhari. Mfuko wa nyongo huondolewa ukiwa mzima, kwa sababu ukichanika, maji yale ya kijani humwagikia ini na ini haliliki tena. Jikoni kitu hiki hutupwa. Lakini ndani ya mwili wa mtu, bila ya nyongo, sehemu ya mafuta ya tui tunalotia kwenye muhogo wa futari ingepita tumboni na kutoka.

Kinachofanya kazi ndani ya nyongo ni asidi za nyongo. Kila chembe yake ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, kama sabuni, na ndiyo maana huweza kuyavunja mafuta yakawa matone madogo mno. Ini huzitengeneza kutokana na lehemu, yaani kolesteroli. Zinazotoka ini moja kwa moja ni mbili, asidi koliki na asidi kenodioksikoliki, na kabla ya kutoka huungwa na glaisini au taurini, kemikali ndogo za mwilini, ili ziyeyuke vizuri zaidi kwenye maji.

Sasa tazama kiasi cha asidi hizi. Mtu mzima ana baina ya gramu 2 na 4 tu mwili mzima, na bado kwa siku moja utumbo wake hupitiwa na gramu 18 au zaidi. Ni kama gari chache za Chake Chake na Wete: abiria wanaobebwa kwa siku ni wengi kwa sababu gari zinarudi. Nyongo hutoka ini, huhifadhiwa kwenye mfuko wenye nafasi ya mililita 30 hadi 50, humwagwa utumboni tunapokula, kisha mwisho wa utumbo mwembamba protini maalumu huzivuta asidi zile na kuzirudisha kwenye damu iendayo ini. Safari hiyo hukamilika mara 6 hivi kwa siku, zaidi kwa mlaji wa mafuta mengi. Kila safari, kiasi kidogo sana hupotea.

Kwa nini basi kompyuta? Kwa sababu mahali penye jibu hapafikiki. Damu itokayo utumboni kwenda ini haichukuliki kwa sindano kwa mtu mzima wa afya. Daktari hupata damu ya mkononi, na hiyo ni mabaki tu, maana ini limeshanyakua sehemu kubwa ya asidi kabla hazijafika huko. Mwaka 1983 mtafiti Alan Hofmann na wenzake walichapisha modeli, yaani mfano wa hesabu, ya mzunguko wa asidi koliki kwa mtu mwenye afya, wakiugawa mwili katika vyumba vinavyounganishwa na mitiririko. Modeli nyingi za baadaye zimefuata njia hiyo.

Fikiria matangi yaliyounganishwa kwa mabomba: ini, mfuko wa nyongo, sehemu za utumbo mwembamba, utumbo mpana, damu. Kila tangi lina sheria moja: kilichomo sasa ni kilichokuwamo, kuongeza kilichoingia, kutoa kilichotoka. Tuanze na tangi moja linalowakilisha mwili mzima, hesabu unayoweza kuifanya kwenye simu. Weka gramu 3, safari 6 kwa siku, na kila safari asilimia 97 irudi. Zidisha 0.97 kwa nafsi yake mara 6, utapata 0.833. Kwa hiyo asilimia 16.7 hupotea kwa siku, yaani gramu 0.5, na ini lazima litengeneze nusu gramu ileile ili mizani isimame. Hapa ndipo wengi huteleza: asilimia 3 ni ya kila safari, si ya siku nzima.

Sasa tuuguze mwisho wa utumbo, ili kinachorudi kiwe asilimia 90 tu. 0.9 ikizidishwa vivyo hivyo kwa safari 6 ni 0.531. Ikiwa ini litaendelea na nusu gramu yake, siku ya kwanza zitabaki gramu 2.1, ya pili 1.6, ya tatu 1.4, na mwisho hesabu itatulia kwenye 1.07. Upungufu ulioonekana mdogo umeyeyusha thuluthi mbili za akiba. Ili kubaki na gramu 3, ini lingepaswa kutengeneza gramu 1.4 kila siku, karibu mara tatu.

Na mwili unajaribu kufanya hivyo hasa. Asidi zinapopita mwisho wa utumbo, utumbo hutoa homoni iitwayo FGF19 inayoliambia ini lipunguze kazi. Zikirudi chache, amri hiyo hupungua na ini huongeza kasi. Modeli isiyo na sheria hii hutoa majibu ya kutisha kupita kiasi. Wakati huo huo asidi zilizopotea hufika utumbo mpana, huvuta maji, na mgonjwa huharisha. Huko pia bakteria huzigeuza kuwa asidi dioksikoliki na lithokoliki, kwa hiyo modeli kamili huwa na matangi ya kila aina ya asidi, si moja tu.

Makosa ya ufundi ni mengi. Mfuko wa nyongo hunyonya maji na kuikoleza nyongo mara kadhaa, basi ukihesabu mililita badala ya gramu umepotea tangu mwanzo. Baada ya mlo mfuko humwagika kwa muda mfupi tu kulinganisha na siku, hivyo ukiiruhusu kompyuta ihesabu kwa hatua za saa nzima, tangi linaweza kushuka chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Gumu zaidi ni hili: seti mbili tofauti za viwango, yaani kasi na asilimia tunazoweka kwenye modeli, zinaweza kuzaa damu ya mkononi inayofanana. Dawa yake ni kuongeza vipimo, kwa mfano kinachotoka na kinyesi. Wala usichukue viwango vya mnyama kiholela. Panya wakubwa wa maabara hawana kabisa mfuko wa nyongo, kama punda wetu na ngamia.

Kwa Unguja na Pemba jaribio linalonivutia mno ni Ramadhani. Badili tu ratiba ya milo: daku, kisha saa 13 na ushei bila chakula, kisha futari. Usiufunge mfuko kabisa mchana, kwa sababu hata mtu akiwa na njaa nyongo kidogo huchuruzika utumboni. Gawa mtiririko wa ini, sehemu iende mfukoni na sehemu ipite moja kwa moja. Kufikia magharibi modeli huonesha sehemu kubwa ya akiba imejikusanya mfukoni. Kisha inaingia futari ya muhogo wa tui zito na sambusa, mfuko unabanwa, na akiba iliyongoja tangu alfajiri inashuka utumboni karibu kwa pamoja.