Je, mtu mnene anaweza kuwa na utapiamlo?

Anaweza, na kwenye wodi za saratani wala si kioja. Tukisikia utapiamlo, wengi wetu tunamwona mtu aliyekonda hadi mbavu zinahesabika. (Tunasahau kwamba kwashakoo, tuliyofundishwa tangu shule ya msingi, huvimbisha uso na miguu.) Mgonjwa wa saratani ya umio, ambaye hata uji haupiti, hashangazi mtu akiambiwa ana utapiamlo. Mwenye mashavu yake anapanda mizani, kilo zinaandikwa, faili linafungwa. Mtaani wanampongeza: umepungua, umependeza!

Chukua mama wa sentimita 160 aliyekuwa na kilo 90. Miezi minne baada ya kuanza tibakemikali ana kilo 81. BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni kama 31.6, bado anahesabiwa mnene kupita kiasi. Lakini amepoteza asilimia 10 ya uzito wake. Vigezo vya GLIM vya kutambua utapiamlo, ambavyo vyama vya lishe vya kimataifa vilivichapisha 2019, vinaanza kushtuka mtu akishuka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6, ikiwa pia chakula kimepungua au ugonjwa umeleta mchochota, yaani mwili kujihami kana kwamba umejeruhiwa. Saratani mara nyingi huleta vyote viwili.

Kwa nini mafuta aliyonayo hayamwokoi? Mtu mwenye afya akishinda njaa siku kadhaa, mwili hujifunza kubana matumizi ya misuli na kuchoma mafuta. Kwenye mchochota, ubanaji huo huvurugika. Fikiria nyumba yenye magunia ya mkaa stoo. Wezi wanazengea, mwenye nyumba anataka milango mipya usiku huohuo. Mkaa anao tele, lakini mkaa hautengenezi mlango. Anapanda darini kung'oa boriti. Mkaa ni mafuta, boriti ni misuli, na fundi ni ini, linalodai malighafi ya protini ili litengeneze protini za kujihami, mojawapo ikiwa CRP inayopimwa maabara. Anayechungulia stoo ataona nyumba ya tajiri. Paa linaning'inia.

Fundi huyohuyo, akishikwa na milango, huacha kazi zake za kila siku. Ndiyo maana albumini, protini nyingine ya ini, hushuka kwenye damu, na familia huambiwa mgonjwa aongezewe mayai. Mayai hayana ubaya, ila kipimo hicho kinaonyesha zaidi mchochota kuliko sahani. ASPEN, chama cha lishe tiba cha Marekani, kilisema wazi 2020 kwamba albumini isitumike kupima lishe.

Misuli yenyewe inaonekana kwenye picha za CT alizokwisha kupigwa mgonjwa kwa ajili ya saratani: hupimwa eneo la misuli usawa wa pingili ya tatu ya kiunoni. Huko Alberta, Kanada, utafiti wa 2008 ulikagua picha za wagonjwa wanene 250. 38 kati yao walikuwa na misuli haba, nao waliishi muda mfupi kuliko wanene wenzao. Tahadhari: mipaka ile ya “haba” ilitokana na miili ya Wakanada, na kuihamishia Afrika Mashariki kama ilivyo ni kubahatisha.

Mizani ina hila nyingine. Saratani ya ovari ikijaza maji tumboni, kilo hupanda huku mapaja yakinywea. Dawa kama deksamethasoni hunenepesha uso na, zikitumika muda mrefu, hudhoofisha misuli.

Kwa hiyo chombo kinachotumika sana kupima lishe ya wagonjwa wa saratani, PG-SGA, huanza na maswali: ulikuwa na kilo ngapi mwezi uliopita na miezi sita iliyopita? Unakula kama kawaida? Mdomo una vidonda, chakula kimepoteza ladha? Shughuli zako bado unazimudu? Mgonjwa hujaza sehemu hiyo mwenyewe. Kisha mhudumu hushika mabega na mapaja kutafuta misuli. Alama 9 au zaidi, hali ni ya kushughulikiwa haraka, hata kama mgonjwa amekuja na kitambi.