Unga wa uji wa vitu tisa: punguza, usiongeze

Pita kwenye kisiagi chochote Kayole, Kawangware au Mukuru jijini Nairobi, utaona kibao: unga wa uji wa watoto, mchanganyiko maalumu. Humo mna mahindi, wimbi, mtama, mchele, ngano, soya, njugu, omena (dagaa) na muhogo juu yake. Mama ambaye mtoto wake ametimiza miezi 6 hununua kilo mbili akaenda nazo nyumbani akijua amefanya la maana, kwa sababu ameambiwa kwamba vitu vikiwa vingi, mtoto hupata nguvu zaidi. Sina ugomvi na wenye visiagi, nao wanatafuta riziki. Lakini sisi tunaotoa ushauri wa lishe hatuwezi kuendelea kutazama tu.

Nafaka, ukiacha wimbi ambalo lina kalsiamu nyingi, hazitofautiani sana. Zote ni wanga kwanza. Ukishaweka mbili, ya tatu na ya nne hazimletei mtoto kitu kikubwa kipya. Pamoja nazo huja fitati, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka na jamii ya kunde, ambayo hushika madini ya chuma na zinki tumboni yasifyonzwe vizuri. Na chuma ndicho hasa kinachotakiwa wakati huo, maana akiba aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua sana afikapo miezi 6. Soya nayo, isipokaangwa au kuchemshwa ikaiva kabla ya kusagwa, ina vitu vinavyozuia protini kumeng'enywa. Umeitia kwa ajili ya protini, nayo inaizuia.

Njugu ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Zikikaa kwenye unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hushambulia ini. Mwaka 2004 sumu hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliugusha watu 317 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafariki. Kuichemsha hakuimalizi. Njugu nzima unaweza kuzimwaga kwenye ungo ukazichambua, ukatupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Zikishasagwa pamoja na vitu vingine vinane, hakuna jicho litakalojua kilichomo. Omena naye ana mafuta. Akisagwa na kukaa kwenye kopo wiki kadhaa, mafuta hayo huchacha.

Basi tumia nafaka moja au mbili. Wimbi na mahindi yanatosha kabisa. Saga kidogo kidogo, uweke pakavu, na ukiweza loweka wimbi na uliache limee kabla ya kulikausha, kwani kumea hupunguza fitati. Chakula cha kujenga mwili kiongeze wakati wa kupika au kiweke kando: yai lililoiva, maharagwe yaliyopondwa na kutolewa maganda, ndengu, omena aliyeoshwa mchanga ukaisha, akapikwa na kupondwa. Kuna faida nyingine ambayo wazazi huisahau. Mtoto akila yai leo akatoka vipele, unajua pa kuanzia. Akitoka vipele kwa unga wa vitu tisa, utamlaumu nani?

Uzito wa uji nao ni jambo. Chota kwa kijiko, kiinamishe kidogo: uji ushikilie, uanguke polepole kwa matone mazito. Ukimwagika kama chai, huo ni maji. Tumbo la mtoto wa miezi 8 hubeba takriban mililita 200, hivyo uji mwepesi wa chupa humshibisha kabla hajapata chochote, tena chupa yenyewe ni vigumu kuisafisha. Anza na vijiko viwili vitatu akiwa na miezi 6, uende ukiongeza hadi nusu kikombe cha mililita 250 miezi michache baadaye, huku ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka 2 na zaidi. Mama anayerudi kazini amweleze hayo yote anayemlea mtoto mchana, na jioni aulize kilichobaki kwenye bakuli, si kama mtoto amekula tu.

Maelezo haya ni ya bure na yako karibu kuliko watu wanavyodhani. Kitabu cha kliniki, ambacho wengi hukifungua siku ya chanjo tu, kina kurasa za kulisha mtoto kwa umri wake. Baba naye akisome, hasa kama ndiye anayetoa pesa za soko. Wahudumu wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP, waliozinduliwa upya Septemba 2023 wakiwa wapatao 100,000 nchi nzima, huzunguka nyumba kwa nyumba. Mwombe wako apime mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto kwa utepe wa rangi. Kijani ni sawa. Njano, yaani chini ya sentimita 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mei na Novemba kuna Malezi Bora, kampeni ya afya ya mama na mtoto, ambapo watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa vitamini A. Kazi hii inazaa matunda: kwa takwimu za kitaifa, watoto waliodumaa walikuwa asilimia 26 mwaka 2014, wakashuka hadi 18 mwaka 2022.

Kwa wakubwa, nitasema moja tu: chai isinywewe pamoja na chakula. Majani yake huzuia chuma iliyo kwenye maharagwe na mboga. Ngoja saa moja, na badala yake kula chungwa au kamulia mboga ndimu.

Na unga wa mchanganyiko ambao tayari uko jikoni? Kama una njugu na hujui zilichambuliwa na nani, usimpe mtoto. Ukinuka mafuta ya kale, una ladha chungu au umeshikana mabonge, mwaga wote. Usiwapelekee kuku, kwa sababu aflatoksini huwadhuru nao pia.