“Tutaenda rufaa, huko tutaeleza vizuri”

Kauli hii huwatoka Waafrika Mashariki wengi walioshindwa kesi katika mahakama za shirikisho za Marekani, na imechosha masikio. Mtu ana risiti ambazo hakuzitoa, ana shahidi ambaye hakuitwa, na anaamini kabisa kwamba majaji wa rufaa watamsikiliza upya. Hawatamsikiliza.

Imani hiyo ina chanzo. Kenya na Tanzania, mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikizingatia tu kwamba haikuwaona mashahidi. Marekani jopo la majaji watatu hupokea mwenendo wa kesi kutoka mahakama ya wilaya, yaani mahakama ya shirikisho iliyosikiliza kesi mwanzoni, pamoja na hoja za maandishi, ambazo kwa kawaida hazizidi maneno 13,000. Risiti mpya hazina pa kuingilia. Kesi nyingi huamuliwa bila mawakili kusimama mbele ya majaji, na wakiitwa, hupewa dakika chache ambazo huishia kwenye kujibu maswali.

Hoja za sheria jopo huzipima upya bila kujali jaji wa chini alisema nini. Matukio ni habari nyingine: jaji akishaamua nani alisema kweli, jopo haligusi uamuzi huo mpaka kosa liwe dhahiri. Haitoshi wao kuona kwamba wangeamua vingine. Baraza la wazee wa mahakama (jury, raia wanaoamua ukweli wa matukio) likishatoa uamuzi, kuutengua ni kugumu zaidi.

Kwa hiyo rufaa hujengwa siku ya kesi yenyewe. Wakili asipotoa pingamizi papo hapo, akataja na sababu yake, hoja hiyo imekufa au iko mahututi. Jaji akikataa waraka wako, wakili aombe kueleza kwenye kumbukumbu ungethibitisha nini. Sentensi mbili tatu zinatosha, lakini zisipokuwemo kwenye mwenendo, jopo halina cha kupima. Muulize wakili wako kabla ya kesi kuanza, si baada ya hukumu: “Hili tumeliweka kwenye kumbukumbu?”

Halafu kuna siku za kukata rufaa. Kesi ya madai ni siku 30 tangu hukumu ilipoingizwa kwenye rejista, si tangu wakili alipokupigia simu. Serikali ya shirikisho ikiwa upande mmojawapo, ni 60. Mshtakiwa wa jinai ana 14 tu. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, isipokuwa siku ya mwisho ikiangukia wikendi au sikukuu, hapo inasogea mbele. Notisi ya rufaa hupelekwa kwa karani wa mahakama ile ile iliyokuhukumu na lazima imfikie ndani ya muda. Muhuri wa posta haukusaidii, labda uwe mfungwa.

Anayedhani majaji wataona huruma asome kesi ya Bowles ya mwaka 2007. Kanuni ilimruhusu jaji kumwongezea siku 14. Jaji kwa makosa akampa 17. Bowles akawasilisha notisi siku ya 16, akitii amri aliyopewa. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema amechelewa. Hesabu siku zako mwenyewe, hata kama jaji amekuandikia tarehe.

“Nitafika mpaka Mahakama ya Juu.” Unaweza kuomba, ndani ya siku 90. Kusikilizwa kunahitaji majaji 4 kati ya 9 wakubali, na maelfu ya maombi hukataliwa kila mwaka bila maelezo.

“Jaji wa uhamiaji ni jaji wa shirikisho wa maisha.” Siyo. Huyo ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, chini ya Mwanasheria Mkuu. Rufaa yake huenda kwanza kwenye bodi iliyo ndani ya wizara hiyo hiyo, ndipo mahakama ya rufaa ya shirikisho. Hapa wengi hunaswa: upande wa pili ni serikali, lakini zile siku 60 hazipo. Ni 30 tangu amri ya mwisho.

“Rais anaweza kumfukuza jaji.” Hawezi. Jaji aliyeteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti kushika kiti cha maisha huondolewa kwa kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi na kutiwa hatiani na theluthi mbili ya Seneti. Tangu 1789 wameondolewa hivyo 8 tu. Majaji wa ufilisi, wenye muhula wa miaka 14, na majaji wasaidizi (magistrate) wa mahakama za wilaya, wenye muhula wa miaka 8, hawana kiti hicho.

Talaka, malezi ya watoto na mirathi ni za mahakama za jimbo. Usipoteze ada kuzifungua kwenye mahakama ya shirikisho.

“Nitamwandikia jaji faraghani anielewe.” Barua hiyo itaingizwa kwenye faili na mwendesha mashtaka ataisoma, pamoja na lolote ulilokiri humo. Barua za ndugu na za imamu au mchungaji kabla ya adhabu zina kazi yake, ila apewe wakili, azisome kwanza, azichuje, aziwasilishe yeye.