Mvua imenyesha, mbona ng'ombe bado wanakufa?

Mvua ikianza tu huku Kajiado simu yangu haipumziki. "Daktari, mvua si imekuja? Sasa hawa wanakufa na nini?" Wengine wameshapata jibu: maji yana sumu, au kuna jirani mwenye kijicho.

Ukame hauishi siku mvua inaponyesha. Kwa ng'ombe aliyekonda, usiku zile za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Hana mafuta chini ya ngozi, na tumbo lisilo na chakula halitoi joto. Analowa bomani usiku kucha, upepo unampiga, alfajiri anakutwa amelala ubavu, masikio baridi. Anayepona naye anakimbilia kijani. Majani machanga ni maji matupu: anazunguka kutwa akiyatafuta, anaharisha, jioni anarudi mnyonge kuliko alivyotoka.

Kwa hiyo nasema tena, nimechoka kusema: nyasi kavu zote usizimalize kabla ya mvua. Bakisha za wiki mbili za kwanza, uwape asubuhi kabla hujawafungulia. Wanyonge walale chini ya turubai. Aliyeanguka muinue akalie kifua, mgeuze upande mara kadhaa kwa siku, na tafadhali usimkabe ukammiminia uji kwa chupa. Ukiingia mapafuni, umemuua wewe, si ukame.

"Nitauza hali ikizidi." Hali ikizidi kila mtu anauza, na wanunuzi wa soko la Bisil wanalijua hilo. Papasa shina la mkia; ukigusa mfupa mtupu, umeshachelewa. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua iliharibika mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mimi ningeuza nusu ya kundi wakiwa bado wanang'aa, wazee wanikasirikie wakitaka.

Kisima kirefu nacho si dawa ya kila kitu. Ukame unaua ng'ombe kwa njaa zaidi kuliko kiu. Pampu ikiwashwa kila kundi linahamia pale, na nyasi za kuzunguka kisima ndizo zinazoisha kwanza.

Eti wanyama wa porini wamezoea ukame? Kati ya Februari na Oktoba 2022 walihesabiwa tembo 205 waliokufa nchini kwa ukame huo, na punda milia wa Grevy 49, ambao duniani wamebaki elfu chache tu.

La mwisho ni la wenye mashamba, wanaosema mtama ukishindwa kuzaa apewe ng'ombe. Mtama uliodumaa kwa jua, hasa machipukizi yanayotoka mvua ikirudi, una sianidi, sumu kali, na ng'ombe mwenye njaa anaweza kufa palepale shambani. Ukate, uanike hadi ukauke kabisa. Mabua ya mahindi yaliyonyauka yana nitrati, sumu nyingine, na hiyo haiondoki kwa kuanika. Yachanganye na nyasi, uwape kidogo kidogo.