Zana za kazi ya mita ya umeme nyumbani: zinunuliwe zipi kwanza

Mtu anayejenga Mamboleo au Nyamasaria, hapa Kisumu, anapokaribia kuletewa umeme, hutujia sisi wakufunzi wa umeme akiuliza anunue zana gani ili fundi wake afunge mita. Swali hilo lina kosa dogo ambalo ni vyema tulirekebishe kabla ya kulijibu. Mita ni mali ya Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme: hufungwa na kutiwa lakiri na wafanyakazi wake au makandarasi iliowaidhinisha, na kuikata lakiri hiyo ni kosa kisheria hata kama nia ilikuwa kukaza skrubu moja iliyolegea. Sehemu ya fundi wa nyumba, ambaye lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, ni ubao wa mita, waya zinazotoka kwenye mita kwenda swichi kuu, fimbo ya ethi (inayozamishwa ardhini ili umeme unaovuja upitie huko), na vipimo vinavyotangulia cheti cha kukamilika kwa kazi. Zana ninazozieleza ni za upande huo.

Wengi huanza kwa kununua koleo. Mimi ningeanza na kifaa cha kuthibitisha kwamba umeme haupo, na kwa hilo sina maana ya ile tesita ya bisibisi yenye kijitaa kwenye mpini. Kijitaa hicho huwaka kwa mkondo mdogo mno unaopita mwilini mwa anayeishika hadi ardhini, kwa hiyo fundi aliyesimama juu ya ngazi kavu ya mbao anaweza kugusa waya wenye volti 240 na taa isiwake, au ikawaka hafifu naye asiione kwa sababu ya jua la saa saba mchana. Taa isiyowaka haithibitishi lolote. Nakiri kwamba ninayo mfukoni, lakini siku hizi naitumia kufungulia skrubu tu.

Kifaa kinachofaa ni kipima volti chenye ncha mbili, au maltimita nzuri (kifaa kimoja kinachopima volti, mkondo na ukinzani), na uzuri wa maltimita hausomwi kwenye kioo chake bali kwenye herufi CAT, yaani daraja la usalama, zilizoandikwa karibu na matundu ya kuchomekea waya. CAT III ni kwa ajili ya nyaya na visanduku vya fyuzi ndani ya jengo. CAT IV ni kwa ajili ya mahali laini inapoingilia, yaani penye mita. Tofauti hiyo si ya kibiashara. Katika ukanda wetu, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kisii, radi ni nyingi, na pigo moja karibu na laini linaweza kupitisha kwenye nyaya maelfu ya volti kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Maltimita isiyojengewa hali hiyo hulipukia mkononi. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na fyuzi ndogo ya kioo ndani, au hazina kabisa, ilhali za kazi hii huwekwa fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga. Hata ukiwa nayo nzuri, ijaribu kwanza kwenye waya unaojua una umeme, kisha upime pale unapotaka kufanya kazi, halafu urudi kwenye ule waya wa kwanza kuhakikisha kwamba betri haikuisha katikati.

Koleo na bisibisi ziwe na alama ya pembetatu mbili zilizopishana na maandishi 1000 V, pamoja na namba ya kiwango cha kimataifa IEC 60900. Mipini ya zana hizo hujaribiwa kwa volti 10,000 kabla ya kuuzwa. Mpira mwekundu wa koleo la kawaida ni wa kuzuia mkono usiteleze, na kuuzungushia tepi au tyubu ya baiskeli hakuibadilishi kazi yake. Alama hiyo nayo si ruhusa ya kufanya kazi pakiwa na umeme; ni kinga ya pili, ya kwanza ikiwa ni kuuzima.

Jambo linalounguza sehemu ambazo waya hufungwa kwa skrubu kuliko yote ni ulegevu. Waya wa alumini ukipata joto hutanuka karibu theluthi zaidi ya shaba, na ukibanwa na skrubu hulegea polepole. Halafu uso wake hufanya ukungu wa oksidi usiopitisha umeme vizuri. Ndiyo maana fundi anahitaji brashi ya waya, mafuta maalumu ya kupaka kwenye alumini, koleo la kubania vishikio (vipande vya metali vinavyobanwa kwenye ncha ya waya), na vishikio vya metali mbili pale alumini inapokutana na shaba. Anahitaji pia bisibisi ya kupima nguvu ya kukaza, inayolegea yenyewe inapofikia kipimo alichoandika mtengenezaji. Ni ghali, na mafundi wengi huiona anasa kwa kuamini kwamba mkono unajua. Mkono uliochoka saa kumi jioni haujui.

Drili, pima maji, nyundo na kisu cha kuchunia waya havina mengi ya kuelezwa. Vyovyote vilivyo vikali na imara vitafaa.

Kabla ya kuomba umeme, nyaya za nyumba zipimwe uhami, yaani jinsi maganda yake yanavyozuia umeme kuvuja, kwa volti 500, vyombo na balbu vikiwa vimeondolewa, na kipimo kisiwe chini ya megaomu 1. Ethi nayo hupimwa kwa kifaa chake, si kwa kukisia urefu wa fimbo iliyozama. Fimbo inayotosha kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano, hapa Kisumu, unaoshika maji, huenda isitoshe Nakuru, ambako udongo wa majivu ya volkano hukauka upesi. Huko ni busara kupima wakati wa kiangazi na kuongeza fimbo ya pili ikibidi. Kifaa cha kupima ethi hutumika siku chache kwa mwaka, kwa hiyo mafundi wawili au watatu wanaweza kukinunua kwa kuchangiana.