Kutoka Stesheni hadi Kariakoo

Simama nje ya stesheni ya Dar es Salaam treni inapoingia, uwaulize abiria wanaelekea wapi. Wengi niliowauliza walinijibu kwa neno moja: Kariakoo. Kazi yangu ni kupanga usafiri wa mjini, na jibu hilo hunirudisha pale kila mara. Kati ya reli na soko kuna mwendo wa dakika kama ishirini kwa miguu, na umbali huo una historia.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, stesheni wakaiweka jirani na bandari ili mzigo utoke behewani uingie melini. Mwenyeji hakuhesabiwa. Waafrika walitengewa eneo lao upande wa magharibi, na Waingereza walipokuja wakauacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi, uwe mpaka kati ya Waafrika na mji wa wengine. Soko likakulia huko, palipokuwa na kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza, Carrier Corps. Ndimi zetu zikaligeuza jina hilo, likawa Kariakoo.

Treni ya mjini iliyoanza 2012, ile tunayoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilibeba zaidi watu wa kazini, mkoba mmoja begani. SGR, reli mpya ya treni za umeme, imeleta msafiri mwingine. Tangu Juni 2024 mfanyabiashara wa Morogoro anaweza kuja asubuhi na begi tupu, akazunguka Mtaa wa Kongo na Msimbazi, akarudi kwake jioni na viroba viwili vya nguo. Akija hana shida. Shida ipo wakati wa kurudi: jua, msongamano, mzigo kichwani, na saa ya treni haimsubiri.

Mama mmoja muuza vitenge aliniambia, "Mwanangu, nauli ya treni naimudu. Bajaji ya kunifikisha hapa ndiyo inayonila faida."

Ndiyo maana kwangu guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na mkokoteni ni sehemu kamili ya reli, sawa na behewa. Wanaoviendesha wapewe maegesho yao karibu na lango la abiria, wasifukuzwe. Na ijengwe njia pana ya miguu kutoka stesheni hadi sokoni, yenye miti pande zote mbili na isiyo na ngazi, mkokoteni upite bila kuinuliwa.

Mama yule tulimsaidia kupandisha viroba. Zilikuwa zimebaki dakika sita.