Kovu la Moto Lililokunja Vidole: Maswali na Majibu kwa Wazazi wa Tanga

Swali: Mwanangu alimwagikiwa na mafuta ya vitumbua miaka 2 iliyopita. Kidonda kimefunga, lakini vidole vimekunjika hadi kugusa kiganja. Vitanyooka?

Jibu: Mara nyingi hunyoshwa kwa upasuaji. Ngozi iliyoungua hadi ndani hufungwa na nyuzi ngumu ambazo hujivuta miezi inavyopita, na kovu likikaa juu ya kiungo huvuta na kiungo chenyewe. Ndivyo kidevu kinavyoshikana na kifua shingo ikiungua. Kwa mtoto hali huzidi, kwani mifupa hurefuka ilhali kovu haliendi nayo sawa. Ushauri wa kungoja "akue kwanza", unaosikika sana Ngamiani na Pangani, una hatari yake, kwa kuwa hatimaye kano na maungio nayo hukakamaa.

Swali: Daktari hufanya nini?

Jibu: Hukata kovu, hunyosha kiungo, kisha huziba pengo linalobaki, aghalabu kwa ngozi nyembamba iliyochukuliwa kwenye paja la mgonjwa mwenyewe. Ngozi hiyo hushika ndani ya siku 5 hadi 7, na paja hupona kwa wiki 2 hivi. Mama wengi hujitolea ngozi yao, lakini mwili wa mtoto huikataa baada ya muda.

Swali: Baada ya hapo amepona?

Jibu: Bado, na hapa ndipo juhudi nyingi hupotea. Ngozi iliyopandikizwa nayo husinyaa, kwa hiyo mtoto hufungwa gango (kifaa kigumu cha kushikilia kiungo kikiwa kimenyooka), hufanyishwa mazoezi ya vidole kila siku na hukandwa kovu kwa mafuta yasiyo na manukato, kwa miezi mingi, kwani kovu huchukua mwaka 1 hadi 2 kukomaa. Mtoto atalia, na mzazi mwenye huruma atalivua gango usiku. Vidole hurudi vilivyokuwa.

Swali: Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, mkaombe rufaa kwa daktari bingwa. Hospitali za Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, pamoja na KCMC mjini Moshi, hushughulikia makovu ya namna hii. Ikiwa kovu la zamani limechimbika kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, msingoje zamu ya upasuaji, kwa sababu kidonda cha namna hiyo huweza kuwa saratani na lazima kichukuliwe kipimo cha nyama.